Kidonge kilichosamehe tumbo: uchambuzi wa kisa cha ATB-346

Machi 2018 kampuni ndogo ya dawa mjini Toronto, Antibe Therapeutics, ilitangaza matokeo ya jaribio la wiki mbili. Watu 244 wenye afya zao walimeza dawa ya maumivu kila siku, kisha wakaingizwa kamera tumboni. Kati ya waliopewa naprokseni, dawa kongwe inayojulikana dunia nzima, asilimia 42 walikutwa na angalau kidonda kimoja chenye upana wa milimita 3 au zaidi. Kati ya waliopewa kidonge kipya, ATB-346, hawakufika asilimia 3.

Tofauti ya namna hiyo haionekani mara nyingi. Katika dawa za maumivu tumezoea kugombania vipande vya asilimia, na mwisho wake ni ugomvi wa takwimu. Hapa hakukuwa na haja ya takwimu, ulitosha kuhesabu kwa vidole.

Miaka sita baadaye kampuni hiyohiyo ilikuwa mahakamani ikiomba kinga dhidi ya wanaoidai, na kidonge hakikuwa kimeuzwa katika duka lolote. Nimekifuatilia kisa hiki kwa sababu moja: habari ya tumbo haikuwa uongo. Tumbo lilinusurika kweli. Kilichokiangusha kidonge kilikuwa mahali ambapo kamera haifiki, na ukiangalia vizuri umbo lake unaona kwamba dalili ilikuwepo tangu siku kilipochorwa.

Dawa ya goti, kidonda cha tumbo

Mteja anakuja kaunta, magoti yamesagika, anataka diklofenaki. Unampa na unamwambia ale kwanza. Ushauri si mbaya, ila umebeba nusu ya ukweli. Wengi hudhani kidonge kinachimba tumbo kwa kuligusa, kama tone la tindikali kwenye kitambaa. Kugusa kumo, lakini madhara makubwa hupitia kwenye damu. Ndiyo maana hata anayechomwa sindano ya diklofenaki kwenye tako anaweza kupata kidonda cha tumbo, ilhali hakumeza kitu.

Njia yenyewe ilielezwa mwaka 1971 na John Vane, London. Alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden wawili, Bergström na Samuelsson. Prostaglandini kwenye goti ndizo zinazochochea uvimbe na maumivu. Tumboni kazi yake ni nyingine kabisa: zinaamuru ute utoke, zinaamuru bikabonati ya kupoza tindikali, na zinahakikisha damu inapita ya kutosha kwenye ukuta ili palipochubuka pazibwe upesi. Ukizizima mwili mzima kwa ajili ya goti, umezizima na tumboni. Ute unapungua, damu inapungua, chembe nyeupe zinaanza kunata kwenye kuta za vishipa vidogo, na tindikali ambayo jana haikuwa na neno leo inapata pa kuingilia.

Watengenezaji wamejaribu njia kadhaa za kutokea hapo. Prostaglandini hutengenezwa na vimeng'enya viitwavyo COX, na njia ya kwanza ilikuwa kuzima kimoja tu, COX-2, na kukiacha COX-1 kilichodhaniwa kuwa ndicho mlinzi wa tumbo. Ndiko zilikotoka selekoksibu na rofekoksibu. Hiyo ya pili, iliyouzwa kwa jina la Vioxx kuanzia 1999, iliondolewa sokoni tarehe 30 Septemba 2004 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Tumbo lilikuwa limepata nafuu, moyo ukalipa. Msomaji aweke hilo akilini, maana sura yake itarudi.

Njia ya pili ndiyo tunayoitumia kila siku: kumpa mgonjwa omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, pamoja na dawa ya maumivu. Kwa tumbo na kwa mwanzo wa utumbo mwembamba inasaidia sana, na sitaki mtu asome hapa akaiacha. Lakini ukishuka chini zaidi hakuna tindikali ya kuzuia. Mwaka 2005 ulitoka utafiti uliotumia kamera ya kumeza, ile inayosafiri utumbo mzima kama punje ya harage. Watu wenye afya walitumia naprokseni pamoja na omeprazoli kwa wiki mbili, na asilimia 55 kati yao walikutwa na michubuko kwenye utumbo mwembamba. Waliomeza selekoksibu walikuwa asilimia 16, na waliomeza kidonge kisicho na dawa asilimia 7. Michubuko hii haiumi, na hospitalini hakuna anayekwenda kuitafuta. Mtu anakuja tu ana upungufu wa damu, anapewa vidonge vya madini ya chuma, anarudi nyumbani kuendelea na diklofenaki yake.

Gesi ya yai viza

Haidrojeni salfaidi kila mtu anaijua kwa pua. Ni harufu ya yai viza, na ya chemchemi za salfa kule Amboni, Tanga. Ni sumu. Ikijaa kwenye shimo la maji taka inaua mtu kabla hajapiga ukelele, na ubaya wake zaidi ni kwamba ikizidi, pua inakufa ganzi na harufu inapotea.

Mwaka 1996 Wajapani wawili, Abe na Kimura, waliandika kwamba ubongo wenyewe hutengeneza gesi hii kwa kiasi kidogo na huitumia kupeleka ujumbe. Baadaye ilionekana kwenye mishipa ya damu, kwenye ini, kwenye utumbo. Seli huitengeneza kutoka kwenye sisteini, moja ya asidi za amino zinazojenga protini. Ajabu yake ni kwamba mahali inapoulia na mahali inaposaidia ni pamoja: ndani ya mitokondria, tanuri la seli. Ikiwa kidogo inatumika kama kuni, ikizidi inazima tanuri lenyewe.

Kwenye ukuta wa tumbo, kazi zake zinakaribia kuwa kivuli cha prostaglandini. Inapanua vishipa, inazuia chembe nyeupe kunata, inasaidia kidonda kupona. Mwaka 2005 kundi la Fiorucci wa Perugia, Italia, likishirikiana na John Wallace aliyekuwa Calgary, Kanada, lilionyesha kwa panya kwamba aspirini na jamaa zake hupunguza pia utengenezaji wa gesi hii tumboni, na kwamba ukiirudisha kutoka nje majeraha yanapungua.

Kutoka hapo wazo lilijileta lenyewe. Kama dawa inamnyang'anya mlinzi silaha, basi dawa hiyohiyo imletee silaha nyingine. (Nimeshaulizwa kama kitunguu saumu hakifanyi kazi hiyo, na swali si la kipuuzi: mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba chembe nyekundu za damu hugeuza viambato vya kitunguu saumu kuwa haidrojeni salfaidi. Ila kutoka bomba la maabara hadi kumlinda mzee anayemeza diklofenaki mara mbili kwa siku ni safari ndefu, na mtu asiache omeprazoli kwa ajili ya kachumbari.)

Wazo lilikuwa na kaka yake. Kabla ya hapo kampuni ya NicOx ya Ufaransa ilikwishaibebesha naprokseni gesi nyingine, naitriki oksaidi. Kidonge hicho, naproksinodi, kilifika hadi mezani kwa wadhibiti wa dawa wa Marekani na kikakataliwa mwaka 2010.

Punda

Huwezi kuweka gesi kwenye kidonge na kufunga mlango. Inahitaji mbebaji: kipande cha kemikali chenye salfa ambacho hukaa kimya ndani ya kidonge, kisha kikifika mwilini kinaachia gesi polepole. Namwita punda, kwa sababu katika makala nyingi za fani hii husomi habari zake. Unasoma habari za mzigo.

Wallace na wenzake walibadilisha punda zaidi ya mmoja. Mwaka 2007, kwenye diklofenaki, walitumia kipande kutoka jamii ya dithiolethioni, ambayo mmoja wake ulikuwa tayari dawa ya zamani ya kuongeza nyongo. Kwenye naprokseni wakachagua mwingine: 4-haidroksithiobenzamidi, iliyounganishwa na naprokseni kwa kifungo cha esta. Muungano huo ndio ATB-346. Mwilini kifungo hukatika, naprokseni inakwenda zake, na thiobenzamidi inaanza kuachia gesi.

Kwa panya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa mazuri kiasi cha kutia wasiwasi. ATB-346 ilipunguza uvimbe wa viungo sawa na naprokseni. Iliacha tumbo bila jeraha hata kwa panya ambao ulinzi wa tumbo lao ulikuwa umedhoofishwa makusudi. Vidonda vilivyokuwapo viliharakisha kupona, jambo ambalo naprokseni na selekoksibu hazikulifanya. Panya wenye shinikizo la damu walipopewa naprokseni shinikizo lilipanda, walipopewa ATB-346 halikupanda.

Kuzipima 42 na 3 upya

Sasa turudi kwenye jaribio la watu 244, maana ndiyo nguzo ya kisa.

Kundi la naprokseni lilimeza miligramu 500 mara mbili kwa siku, jumla miligramu 1,000. Kundi la ATB-346 lilimeza miligramu 250 mara moja. Lakini ndani ya hizo 250, naprokseni ni kiasi gani? Chukua karatasi. Uzito wa molekuli ya naprokseni ni kama 230. Ukiiunganisha na mbebaji wake na kutoa maji yanayotoka kwenye kifungo, unapata kama 365. Kwa hiyo miligramu 250 za ATB-346 zina takriban miligramu 157 za naprokseni. Linganisha: 157 kwa 1,000. Kundi moja lilipewa zaidi ya mara sita ya lile lingine.

Watafiti walijibu hoja hii kabla haijaulizwa. Walipima jinsi COX ilivyozimwa kwenye damu, na dawa zote mbili ziliizima kwa zaidi ya asilimia 94. Yaani kama kazi ni sawa, uzito wa kidonge hauna maana. Ni hoja nzuri, ila mimi nina kigugumizi nayo. Kipimo cha COX kwenye damu kina dari. Hata naprokseni ya miligramu 220, ile inayouzwa Marekani bila cheti cha daktari, ikimezwa mara mbili kwa siku inakaribia kuizima COX ya chembe sahani, zile za kugandisha damu, kabisa. Ukiwa juu ya dari, mia mbili na elfu moja zinaonekana sawa. Tumbo halioni hivyo, maana tumboni hatari ya naprokseni hupanda kadiri dozi inavyopanda.

Kundi ambalo ningelitamani ni la tatu: naprokseni tupu ya dozi ndogo, iliyo karibu na zile 157. Kama lingepata vidonda kwa asilimia 30, basi gesi imefanya miujiza. Kama lingepata asilimia 10, basi gesi imefanya kazi ya heshima na dozi ndogo imefanya iliyobaki. Jaribio lilikuwa na makundi mawili tu.

Sisemi gesi haikufanya kitu. Waliomeza ATB-346 walikutwa na haidrojeni salfaidi nyingi zaidi kwenye damu kuliko wenzao, kiungulia na kichefuchefu vilikuwa vichache, na vile vidonda vikubwa vya milimita 5 na zaidi vilikuwa vichache pia. Ukiunganisha na kazi ya panya, naamini ulinzi ulikuwepo. Nisichoamini ni ukubwa wake kama unavyosomeka kwenye ile 42 kwa 3.

Halafu kuna wahusika wenyewe. Hawa walikuwa watu wenye afya, kwa wiki mbili. Anayekufa kwa kutokwa damu tumboni kwa ajili ya dawa za maumivu ni mzee aliyewahi kuwa na kidonda, anayemeza aspirini ya moyo juu yake, au warfarini ya kuzuia damu kuganda, au mwenye H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao hajapimwa. Kidonda cha milimita 3 kinachoonekana kwa kamera kwa mtu mzima wa afya mara nyingi kinapona bila yeye kujua kama kilikuwepo. Ni alama ya hatari, si hatari yenyewe. Hili si kosa la jaribio, kwa kuwa majaribio ya hatua ya pili ndivyo yalivyo. Ila lilijengwa kuangalia tumbo, na likaona tumbo.

Ini

Juni 2020 yalitoka matokeo ya jaribio lingine, safari hii kwa wagonjwa wa magoti yaliyosagika. Miligramu 250 na 200 kwa siku zilishinda kidonge kisicho na dawa katika kupunguza maumivu. Kwa hiyo dawa ilifanya kazi gotini na ilikuwa mpole tumboni. Kilichobaki, mtu angesema, ni karatasi.

Lakini vipimo vya damu vilikuwa vinaleta neno lingine. Kwa baadhi ya watu vimeng'enya vya ini vilikuwa vinapanda. Vikipanda kidogo na kushuka vyenyewe si jambo la kukimbilia dirishani, dawa nyingi hufanya hivyo. Vikivuka mara tatu ya kiwango cha kawaida kwa watu kadhaa, mtu wa dawa anaanza kukaa wima. Katikati ya 2021 kampuni ilikuwa ikifanya jaribio la kuangalia jinsi dawa inavyoingia, inavyovunjwa na inavyotoka mwilini. Kikomo cha usalama kilichowekwa tangu mwanzo kilivukwa, na jaribio likasimamishwa.

Hapo ndipo ninapomrudia punda.

Thiobenzamidi ni jamii ya thioamidi: kaboni iliyoshikana na salfa upande mmoja na naitrojeni upande mwingine. Jamii hii ina sifa mbaya mtaani kwake. Ndugu yao mmoja, thioasetamidi, ndiye anayetumiwa maabara duniani kote kuharibu ini la panya makusudi, ili watafiti wapate ini lenye makovu la kufanyia kazi. Thiobenzamidi yenyewe imeandikwa kwa miongo kuwa sumu ya ini la panya. Ndugu mwingine yuko hospitalini kwetu: ethionamidi, dawa ya kifua kikuu sugu, na kila aliyewahi kumhudumia mgonjwa wa TB sugu anajua kwa nini damu yake huchukuliwa mara kwa mara kupimwa ini. Njia inafanana. Ini likijaribu kuivunja thioamidi huiongezea oksijeni kwenye salfa, na kinachozaliwa ni kitu chenye hasira kinachojibandika kwenye protini za seli za ini.

Huu ni usomaji wangu wa umbo la dawa, na ninautoa kama dhana, si hukumu iliyothibitishwa na jaribio. Naprokseni nayo huweza kugusa ini, lakini mara chache, na kwa miaka mingi mamilioni wameimeza kwa dozi kubwa kuliko 157. Ukiniuliza nani mshukiwa wa kwanza ndani ya kidonge hiki, sitakwenda kwa naprokseni, na sitakwenda kwa gesi.

Ukiangalia hivyo, kisa kinafanana na Vioxx kuliko kinavyotaka kukubali. Pale tumbo lilisalimika moyo ukaumia, hapa tumbo lilisalimika ini likalalamika. Tofauti ni kwamba Vioxx iligundulika ikiwa tayari imeshamezwa na watu wengi mno. Hapa walinzi wa jaribio walifanya kazi yao mapema, na kwa maoni yangu ile siku ya kusimamisha ndiyo siku bora zaidi katika hadithi nzima, ingawa bei ya hisa haikuiona hivyo.

Yaliyofuata

Kampuni ilijaribu kupunguza matumizi. Badala ya dawa ya magoti inayomezwa miezi na miaka, kidonge kikageuzwa kuwa cha maumivu ya siku chache baada ya upasuaji, kwa hesabu kwamba ini halitapata muda wa kukasirika. Kitaalamu hesabu hiyo ina mantiki. Kwa mgonjwa, hata hivyo, ni kuondoa sababu ya kidonge kuwepo, maana anayehitaji kulindwa tumbo ni yule wa miaka mingi. Wa siku tatu ana njia nyingi.

Wadhibiti wa Marekani walisimamisha mpango huo mwaka 2024. Mwaka huohuo baraza la usuluhishi liliamuru kampuni irudishe dola milioni 20 ilizopokea mwaka 2021 kutoka Nuance, kampuni ya Shanghai iliyokuwa imenunua haki ya kuuza dawa hiyo Uchina. Aprili ikaenda mahakamani kuomba kinga.

Kwa mteja wa magoti yaliyosagika hakuna kilichobadilika. Jeli ya diklofenaki ya kupaka bado ni chaguo zuri kwa goti, kwa sababu kinachofika kwenye damu ni kidogo. Akilazimika kumeza, dozi ndogo kwa siku chache, na omeprazoli kama ana umri mkubwa au historia ya vidonda, na apimwe H. pylori kama anaandikiwa za muda mrefu. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami asisubiri asubuhi.

Maabara zinaendelea na gesi yenyewe, kwa wabebaji wengine. GYY4137 inaachia polepole, AP39 imetengenezwa iende moja kwa moja kwenye mitokondria, na zote ni zana za utafiti, hazijawa vidonge vya mtu. ATB-346 nayo iliacha wadogo zake kwenye makaratasi: ATB-340 iliyobeba aspirini, na ATB-352 iliyobeba ketoprofeni, dawa nyingine ya maumivu. Nimewahi kuyachora maumbo ya wote watatu kwenye karatasi moja, kushoto dawa, kulia mbebaji. Kushoto ni dawa tatu tofauti. Kulia ni punda yuleyule.